Saini ya Mama Mashine

Mama Mashine alikuwa anachota unga wako kwa vidole viwili, anausugua karibu na pua, kisha anakwambia mahindi uliyaanika siku ngapi na kwamba mvua ya juzi iliyakuta uani. Alikuwa hakosei. Watu wa foleni walicheka, wakasema huyu mama ana kipaji. Mimi sikucheka. Nilijiuliza: mtu anayejua mvua ilivyonyesha kwangu kwa kugusa unga tu, atashindwa kujua nini kingine cha ndani ya nyumba yangu?

Mnisamehe, mimi ndivyo nilivyo. Baba Imani, mume wangu, husema hata kuku akinitazama sana nitamuuliza katumwa na nani. Lakini bila tabia hiyo, namna tulivyohangaika kutafuta nyumba Kasulu, tungeibiwa mpaka vijiko. Basi nitamweleza huyu mama kama nilivyomwona, kwa jicho langu la pembeni, halafu mtanihukumu wenyewe.

Jina lake kila mtu alilijua na hakuna aliyelitumia. Alikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli, kwenye kibanda cha mabati pembeni ya mji, upande wa kutokea Kibondo. Humo ndani unga ulikuwa umeganda kila mahali, hata buibui wake walikuwa weupe. Alivaa ushungi na kanga mbili, na alipotoka jioni kope zilikuwa zimemjaa unga, unaweza kudhani amezeeka leo leo. Sauti ya mashine aliijua vizuri. Mkanda ukianza kulegea alisimama katikati ya mazungumzo, akainamisha kichwa, akasema, "Subiri, anataka kuumwa," na kweli baada ya dakika mbili mkanda unaruka.

Alikuwa na mambo mengine yasiyooana. Sala tano hazikumpita. Mashine ilizimwa, msala ukatandikwa nyuma ya magunia, na wateja wote, Wakristo kwa Waislamu, tukakaa kimya tukisubiri. Lakini mama huyo huyo aliwasagia wapika pombe kimea chao bila kukunja uso. Siku moja shehe mmoja alipita akamuuliza kulikoni. Akamjibu huku anafunga gunia, "Shehe, mimi nasaga nafaka. Dhambi ina mashine yake." Watu walicheka wiki nzima. Mimi nikajisemea: mtu mwenye majibu mepesi hivi kwa shehe, kwangu atakuwa nayo mangapi?

Sasa niwaeleze tulivyofika kwake. Mimi ni mtu wa Kitahana, Kibondo. Nilikuwa muuguzi kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Nduta, miaka sita ya kuchoma sindano, kupima watoto na kugawa mablanketi. Mradi ulipoanza kupunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Bahati nzuri Baba Imani akapata uhamisho kwenda kufundisha Kasulu. Tukapanga vyumba viwili, sisi na watoto wanne, tukachota maji kwa zamu na wapangaji wengine saba, na mtoto wetu wa mwisho akaanza kukohoa kwa sababu ya ukungu wa ukutani. Nilitaka nyumba. Sikutaka ya fahari, nilitaka mlango ambao nikiufunga hakuna mtu wa kunigongea aniambie kodi imepanda.

Weee! Kumbe na wenzetu wote walitaka hicho hicho. Tangu barabara ipigwe lami, kila mtumishi, kila mfanyabiashara wa maharage, kila aliyepunguzwa kambini na kiinua mgongo chake mfukoni, alikuwa anatafuta nyumba pembeni ya mji. Ukisikia asubuhi nyumba inauzwa, mchana unakuta mtu ameshatundika pazia. Nyumba ya kwanza tuliyooneshwa, aliyetuonesha alikuwa mpangaji tu, mwenye nyumba hana habari. Ya pili tulikubaliana kabisa, tukashikana mikono, tukarudi kesho yake na mashahidi wetu wawili wamevaa makoti, tukakuta familia nyingine inapiga picha mlangoni. Mwenye nyumba akatuambia, "Poleni, hawa waliwahi kuamka." Nililia barabarani, sioni aibu kusema.

Nyumba ya tatu ilikuwa ile iliyopakana na mashine. Ilikaa pagale miaka mingi, kuta bila bati, mwenyewe akiwa Mwanza. Kisha akaja, akaezeka, akapiga lipu, akatia milango, akaiweka sokoni. Vyumba vinne. Sebule yenye madirisha mawili. Uani kulikuwa na nafasi ya kutosha, na kwenye kona ya mashariki, upande wa mashine, kulikuwa na shina kubwa la migomba. Niliposimama pale sebuleni nilijua watoto watalala wapi, kabati litakaa wapi. Roho ikatulia. Kisha nikasikia kwamba watu wanne walishaitaka nyumba ile kabla yetu, wenye uwezo kutushinda, na wote walikwama kwa mtu mmoja.

Huku kwetu viwanja vingi havina hati. Mnauziana kwenye ofisi ya mtaa, kwa karatasi, na karatasi hiyo lazima isainiwe na majirani wote wa mipaka. Jirani asiposaini, mwenyekiti hagongi muhuri. Ni desturi nzuri, maana jirani ndiye anayejua mpaka ulipo. Lakini ukikuta jirani mgumu, umekwisha.

Na Mama Mashine alikuwa mgumu. Mtaa mzima ulimwita awe shahidi hata kwa viwanja visivyomhusu, kwa sababu alikuwa hasemi uongo. Alivua kandambili, akapita mpakani peku akihesabu nyayo zake, kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole. Karatasi aliitaka isomwe mara tatu kwa sauti. Ndipo anasaini, polepole, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa utotoni madrasa, na akimaliza anapuliza wino ukauke. Watu walisimulia kwamba mwaka fulani muuzaji mmoja alisogeza mipaka usiku. Mama Mashine alihesabu, akasimama, akasema, "Hapa nyayo mbili hazipo. Nitakaa mpaka zirudi." Akageuza debe, akakalia. Alikaa pale tangu asubuhi mpaka alasiri, jua linampiga, mpaka yule bwana akaenda mwenyewe kung'oa vigingi vyake na kuvirudisha. Hakumtukana wala hakumsengenya. Alisaini akaenda kusaga.

Ndiyo maana watu hawakuelewa alikuwa na nini na nyumba ile. Kila mnunuzi alipoletwa, alizunguka naye mpaka, akahesabu, akakubali kila kitu, kisha akamuuliza swali moja, "Kona ile ya migomba utaifanyia nini?" Wa kwanza, mfanyabiashara wa maharage, alisema atajenga fremu za maduka. Mama Mashine akasema, "Sijaridhika," akarudi kwenye mashine yake. Wa pili alisema kisima. Hakuridhika. Wa tatu banda la ng'ombe, wa nne nyumba ya wapangaji. Hakuridhika, hakuridhika. Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Roho haijakubali." Mwenye nyumba akaja juu, akamtishia kumpeleka baraza la kata. Akamwambia, "Nipeleke, baba. Hata huko nitasema hivyo hivyo."

Mtaani walisema anataka kona ile aongeze kibanda. Wengine walisema anasubiri bei ishuke anunue mwenyewe. Mimi niliamini yote mawili kwa pamoja. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia Baba Imani, huyu mama ni wa kuangalia. Yeye akasema labda mama wa watu anapenda migomba tu. Nikamwambia, "Baba Imani, wewe ni mwalimu, unaamini kila anayenyoosha mkono anajua jibu."

Siku yetu ilipofika nilikuwa nimeshajipanga. Tukaenda wote, mwenye nyumba, mwenyekiti, mume wangu na mimi. Nikamsalimia kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwakeye?"

"Twakeye, mama."

Alifurahi nilivyoitikia Kiha. Yeye mwenyewe asili yake ilikuwa Ujiji huko, lakini Kiha alikiongea kama maji. Akavua kandambili, tukazunguka. Alipofika kwenye kona akasimama, akaweka kiganja kwenye mgomba mmoja kama mtu anayepima homa.

"Kona hii, mwanangu, utaifanyia nini?"

Ukweli ni kwamba kichwani nilishachimba shimo la choo pale. Choo cha zamani kilikuwa karibu kujaa, na kwa afisa afya yeyote, kona ile ndiyo mahali pake, mbali na jiko, mteremko unashuka. Muuguzi mzima, ningepanga nini kingine? Lakini nilishajua anachotaka kusikia. Nikatabasamu.

"Mama, mimi ni mtoto wa Kitahana, nimekulia kwenye migomba. Itabaki hivi hivi. Nitaitilia samadi."

Alinitazama muda mrefu. Nilimtazama na mimi, sikupepesa. Nyuma yangu nilimsikia Baba Imani anakohoa.

"Umesema itabaki."

"Itabaki, mama."

"Basi roho imekubali," akasema, na machozi yakamlengalenga. Nikadhani ni unga. Akasaini, akapuliza wino, akanirudishia kalamu kwa mikono miwili.

Tulihamia wiki hiyo hiyo. Watoto walikimbia chumba hadi chumba, wakipiga kelele wasikie mwangwi. Kikohozi cha yule mdogo kiliisha bila dawa. Nilifunga mlango wangu, nikaukalia kwa ndani, nikacheka peke yangu. Na bado, haki ya Mungu, hata mwezi haukuisha kabla sijaanza kumchunguza jirani yangu.

Maana alikuja mno. Kila baada ya wiki chache alikuja na panga dogo, anabisha hodi, anaomba aipogoe migomba. Anakata majani makavu, anayalaza chini shinani vizuri kama anatandika kitanda, anaondoa machipukizi dhaifu. Mara nyingine alileta ndoo ya pumba, akaimwaga pale. Alikuwa hakai sana wala haongei sana. Ndizi zilipoiva hakuchukua hata moja, nikimpa alisema, "Kula na watoto." Sasa ninyi niambieni, mtu gani anahudumia migomba ambayo hali ndizi zake? Kwetu, anayepanda ana neno. Leo anapogoa, kesho anavuna, keshokutwa anawaleta wazee waseme shamba hili tumemwona nalo miaka yote. Nilikuwa nahesabu kila ujio wake.

Sikukuu ya Idi alituletea sinia la pilau. Nilimpa kuku kwanza. Kuku akala, akashiba, akaendelea na maisha yake. Jioni Baba Imani alikuja akakuta pilau limepoa na watoto wamenuna, akaniuliza kuna nini. Nilipomweleza akasema, "Siku moja utatuua kwa njaa ukituokoa na sumu." Akala lote lililobaki.

Niseme pia mema yake, maana yalikuwepo na niliyaona. Mjane akija na debe la mahindi alimsagia, akajifanya kusahau kuchukua malipo. Wanawake wa Kirundi waliokuwa wanafanya vibarua mtaani, wale waliotoka kambini kimya kimya wakatafute chochote, aliwapa kazi ya kubeba magunia na kupepeta, na polisi wakipita aliwaita wote "wajukuu zangu" kwa sauti ya juu. Hapo tu ndipo nilipomsikia anasema uongo. Niliujumlisha na mengine: kumbe huyu mama uongo anaujua, akitaka.

Mwaka wa tatu choo kikajaa kabisa. Baba Imani alitaka tuchimbe upande wa pili, karibu na geti. Nikamwambia upande wa pili kuna mwamba, na kona ndiyo mahali pake.

"Si ulimwambia migomba itabaki?"

"Nilijibu swali. Kiwanja ni changu, karatasi ninayo, na saini yake ipo."

"Basi mwambie."

"Nimwambie ili aite baraza? Thubutu."

Nikasubiri. Mama Mashine akapata msiba Ujiji, akafunga mashine, akaondoka kwa wiki. Asubuhi ya pili yake nilimwita mchimbaji. Migomba ikaanguka yote kabla ya saa nne. Nilisimama pale nikiiangalia, na sitadanganya, nilijisikia mshindi.

Mchimbaji alipofika kiunoni, akaacha. Akaruka nje kama ameumwa na nyoka, jembe akaliacha humo humo.

"Madamu, hapa pamewekwa kitu."

Nikachungulia. Kulikuwa na kipande cha mkeka uliooza, umekunjwa. Kulikuwa na kikombe kidogo cha plastiki cha njano. Na kulikuwa na kitambaa kimefungwa fundo, kimeliwa na udongo, kijivu. Nililijua blanketi lile. Ni la kambini, niligawa mengi yake kwa mikono yangu. Na hata hapo, Yesu wangu, hata hapo akili yangu haikufika. Nilichofikiria ni kimoja tu: ndiyo hii! Ndiyo dawa yake! Kumbe miaka yote alikuwa anakuja kuitunza, anaimwagia pumba, anaitandikia majani. Kumbe ndiyo maana alitaka pasiguswe. Na wanawake wake wa kambini ndio waliomletea. Kila kitu kikakaa mahali pake, na mimi nikafurahi kwamba nilikuwa sahihi.

"Usiguse kwa mkono," nikamwambia mchimbaji. Akavitoa vyote kwa jembe. Tukavirundikia majani makavu ya migomba, nikamwaga mafuta ya taa, nikavichoma huku nasoma Zaburi kwa sauti. Sikufungua fundo. Mfupa sikuuona, kwa sababu sikuangalia. Ule udongo wote wa shimoni niliogopa ubaki kwangu, nikasema usombwe kwa toroli, ukajaziwe kwenye korongo la njiani ambako magari yanazama. Ulisombwa siku nzima. Ndani ya siku tano choo kilikuwa kimejengwa, kimepigwa lipu na kina bati.

Aliporudi kutoka Ujiji, begi likiwa bado begani, alisimama kwenye mpaka. Nilitoka, mikono kiunoni, nimejiandaa kwa vita.

"Mmechimba," akasema.

"Ndiyo, mama. Choo kilijaa."

"Mlikuta kitu?"

Nikamkazia macho. "Tulikuta. Na tulichoma."

Nilisubiri atukane, aape, akane. Aliuliza tu, "Na udongo?"

"Uko korongoni kule."

Akaweka begi chini pale pale, akaenda. Nilimfuata kwa macho. Alisimama kwenye lile korongo, magari yanampigia honi yakimzunguka, na viganja vyake vimefunguka mbele ya kifua anaomba. Nikasema moyoni, anaiaga dawa yake. Mchawi, simba mwenda pole.

Toka siku ile hakuja tena kupogoa chochote. Lakini unga wangu aliusaga kama zamani, salamu aliitikia kama zamani, Idi ilipofika pilau lilikuja. Kitu kimoja tu kilibadilika. Aliacha kuwa shahidi. Watu walimfuata na karatasi zao, wakambembeleza, akasema mkono unamuuma, hawezi kushika kalamu. Mtaa ukamsikitikia kwa uzee. Mimi nikajua ni hatia. Nilikuwa najua mambo mengi sana siku hizo.

Mwaka huu mashine mpya za umeme zilimnyang'anya wateja, magoti yakamkataa, na watoto wake wa Ujiji wakawa wanamwita akapumzike. Alikuwa amebakiza siku chache ahame. Asubuhi moja, naanika nguo, nikasikia hodi. Alikuwa yeye, na fimbo, na nyuma yake mwanamke wa makamo ameshika mfuko wa plastiki, viatu vyake vina vumbi la safari.

Nikawapa viti. Mama Mashine hakukaa.

"Mama Imani, huyu ni mgeni wangu. Ametoka Burundi, amevuka mpaka wa Manyovu jana. Zamani alikuwa ananibebea magunia." Akaegemea fimbo. "Nyumba yako ilipokuwa pagale, kabla hujaijua, alikuwa analala humu. Alitoroka kambini, akaogopa hata hospitali. Akajifungua humu humu, kwenye chumba kile wanacholala watoto wako. Wa kiume. Alikaa siku tisa."

Nguo niliyokuwa nimeshika ilidondoka. Sikuiokota.

"Alipofariki tulimzika wenyewe, mimi na yeye, kwenye kona, kwenye migomba. Hatukumwambia mtu. Tungesema nini, na mama mwenyewe hakutakiwa awe huku? Kisha wenzake wakaitwa kurudi kwao, akapanda basi. Akaniachia mtoto. Nikamwahidi atamkuta."

Niliangalia choo changu. Bati lake lilikuwa linang'aa na jua. Mkeka. Kikombe. Fundo la blanketi ambalo mimi, muuguzi, mimi niliyewafunga watoto mia kwa mablanketi kama yale, sikulifungua. Nilitaka ardhi inimeze, nikakumbuka ardhi yenyewe niliisomba kwa toroli.

Yule mwanamke alikuwa anatazama kona. Aliikumbuka vizuri. Akageuka, uso umekauka, akauliza kwa Kirundi, ambacho sisi Waha tunakielewa, "Ni hehe?" Yuko wapi? Akarudia, sauti ikapanda, "Mama, ni hehe?"

Nilifungua kinywa nimwambie. Wallahi nilitaka kusema. Mama Mashine akawahi.

"Migomba iliugua mnyauko, ikabidi ing'olewe yote," akamwambia, polepole, kwa Kirundi kisichokatika. "Na choo kilikuwa kimejaa. Huyu mama hakuchimba hivi hivi. Aliniita. Ni muuguzi huyu. Alimtoa mwenyewe, kwa mikono yake, akamfunga shuka safi, akasali. Tukamhamishia pale."

Akanyoosha fimbo kwenye mparachichi wetu, ule tulioupanda karibu na jiko mwaka tuliohamia. Mama ambaye alikaa juani siku nzima kwa ajili ya nyayo mbili za mtu mwingine, alinigeukia, macho yake makavu yakiningojea.

"Mwambie, Mama Imani. Ulikuwepo."

Hakukuwa na hasira kwenye sauti ile. Ningeiomba hasira.

"Ndiyo," nikasema. "Yuko pale."

Yule mwanamke alinijia. Aliniangukia kifuani, akanishika mikono yote miwili, akaipaka usoni pake, akaniambia urakoze, urakoze, asante, Mungu akuwekee wako. Kisha akaenda chini ya mparachichi, akavua viatu, akatandika kitenge chake, akakaa. Akatoa kwenye mfuko kifurushi cha maharage mabichi ya kwao na kuyamwaga shinani. Akaanza kumweleza mtoto majina ya wadogo zake, mmoja mmoja, na darasa wanalosoma.

Mama Mashine alikuwa amekaa hatimaye, ametupa mgongo, anafuta macho kwa ncha ya ushungi. Nilisimama kati yao, sijui niende wapi kwenye uwanja wangu mwenyewe.

Alipomaliza kuongea na mtoto, yule mwanamke akainua uso, akanitazama kwa upole sana, akaniuliza kama mzazi anavyomuuliza muuguzi.

"Wewe ndiye uliyembeba mara ya mwisho. Alikuwa mzito?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Alikuwa mwepesi."